Barua kwa mdogo wangu aliyepona na sasa anataka kuponya

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia umemaliza mafunzo ya tiba ya kukanda, mafuta ya kunukia na mazoezi ya pumzi, na unatafuta chumba cha kupokelea wateja. Ile miaka ya kulala hoi imekufunza jambo lisilofundishwa darasani, kwamba mgonjwa huchoka hata kujieleza. Lakini nakuomba kitu kimoja ukiache nje kabla mteja hajaingia: namna ulivyopona wewe.

Maradhi mengi ya muda mrefu, kama baridi yabisi, pumu ya ngozi na kipandauso, hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta tiba anapozidiwa, na makali yakipungua, chochote alichokuwa akitumia siku hizo ndicho kinachopata sifa. Wewe ulibadilisha chakula, usingizi, kazi na dawa ndani ya miezi ile ile. Nani atajua kipi kilikuinua? Kwa mteja, badilisha jambo moja tu, lipe wiki mbili, na kila jioni aandike maumivu na usingizi wake kwa alama 0 hadi 10. Akianza mambo matano kwa pamoja halafu akatoka vipele, hamtajua mkosaji ni nani.

Kikao cha kwanza kipe saa nzima, na dakika 40 za mwanzo usimguse. Mwambie aje na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na vitamini na mitishamba, maana akiulizwa kwa mdomo husahau nusu. Soma kila pakiti, andika jina, kipimo na saa anayomeza. Hapo ndipo hatari hujitokeza. Maji ya balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, dawa ikajaa kwenye damu na kuumiza misuli. Mkaa wa dawa, ule unaosifiwa kwa kusafisha tumbo, hunasa pia vidonge alivyomeza karibu na saa hiyo. Vidonge vya kitunguu saumu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kumzidishia hatari ya kutokwa damu. Mtu akikwambia "ni vya asili tu", hapo ndipo uulize zaidi.

Kabla ya kumkanda, tazama miguu yote miwili kwa pamoja. Shavu la mguu mmoja likiwa limevimba, lina joto na linauma kuliko la pili, usilikande hata kidogo. Huenda kuna damu iliyoganda mshipani, na bonge hilo likichomoka husafiri hadi mapafuni. Huyo aende hospitali saa ile ile, asingoje kesho. Mafuta ya kunukia nayo yapime: matone 6 ndani ya mililita 30 za mafuta ya kujipaka ni takriban asilimia 1, na mtu mzima mwenye ngozi laini yanamtosha. Wanaoanza hudhani harufu hafifu ni dawa hafifu, wakaongeza, ngozi ikababuka.

Mazoezi ya pumzi ni rahisi: kuvuta kwa sekunde 4, kutoa kwa 6. Vidole vikianza kufa ganzi, anapumua kwa nguvu mno, apunguze.

Anayekonda bila sababu, anayeona damu chooni, au anayesema hataki kuishi, si wako peke yako. Mpeleke kwa daktari, na ikibidi mshike mkono mwende wote. Wala usimwachishe mtu dawa. Aliyetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo zake, ambazo hutoa homoni ya aina hiyo hiyo, zinaweza kuwa zimelala. Akiikatisha ghafla anaweza kuzimia, hata kufa. Kupunguza dozi ni kazi ya aliyeiandika.

Kuna siku mteja atakuuliza, "Wewe ulipona vipi?" Mjibu ukweli kwa sentensi mbili, madaktari na dawa zako ukiwataja humo, kisha rudi kwenye karatasi yake: jana usiku alilala saa ngapi?

Wako akupendaye,
Dada yako