Malalamiko Kuhusu Basi la Usiku Lililopita Korogwe Bila Kusimama

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mabasi ya Abiria,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KURUKWA KWA KITUO CHA CHAKULA CHA KOROGWE, SAFARI YA USIKU DAR ES SALAAM – ARUSHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilisafiri na mama yangu katika basi lenu lililoondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, saa kumi jioni. Tulipokata tiketi, karani wenu alitueleza, kama linavyosema pia bango lililobandikwa dirishani pake, kwamba basi lingesimama Korogwe kwa dakika 30 katika ule mgahawa mkubwa wa chipsi na kuku ulio kando ya barabara kuu, ambao hakuna msafiri wa njia ya Kaskazini asiyeufahamu. Ahadi hiyo ndiyo iliyotufanya tuchague basi lenu, kwa sababu mama ana kisukari na huchoma insulini muda mfupi kabla ya kula.

Tulipofika Segera nilimuuliza kondakta kama bado tutakula Korogwe, naye akajibu kwamba ndiyo, tujiandae. Mama akachoma sindano yake. Muda si mrefu tukaziona taa za mgahawa, mabasi mengine yameegeshwa na watu wanakula, lakini dereva hakupunguza hata mwendo. Abiria walipopaza sauti, kondakta alisema kwamba utaratibu umebadilika na kwamba tutakula mbele. Hapakuwa na tangazo lolote kabla ya hapo. Tulipokaribia Mombo mama alikuwa analowa jasho, mikono inamtetemeka na maneno hayamtoki sawasawa. Aliyemwokoa ni abiria wa kiti cha nyuma aliyempa soda yenye sukari. Ninamshukuru mno, na ninasikitika kwamba msaada huo haukutoka kwa mfanyakazi yeyote wa kampuni yenu, ingawa nilikwenda mbele kuomba basi lisimame nikaambiwa nivumilie.

Huko mbele tulikoshushwa ni kibanda chenye taa moja, baada ya kupita Mombo. Chipsi zilikuwa za baridi, bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Korogwe, na choo kilikuwa kimoja kwa basi zima. Dereva na kondakta walikaribishwa chumba cha ndani, na mhudumu mwenyewe alinieleza kwamba wao hawalipi kwa kuwa ndio wanaoleta wateja. Tulihimizwa kurudi ndani ya basi wakati wengine wangali kwenye foleni ya choo, hivyo baadaye ikabidi lisimame porini watu wachimbe dawa gizani, wakiwemo akina mama na watoto.

Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Abiria wa usiku hana uchaguzi alio nao wa mchana: maduka ya njiani yamefungwa, wachuuzi wa madirishani hawapo, naye anategemea kabisa kile kituo kimoja alichoahidiwa. Kituo hicho ni sehemu ya huduma mliyotuuzia, na wafanyakazi wenu hawana haki ya kukibadilisha kwa sahani ya wali.

Ninaomba maelezo ya maandishi kuhusu nani aliidhinisha mabadiliko hayo, na hatua mtakazochukua dhidi ya mpango huo wa kupeleka abiria mahali wafanyakazi wanapolishwa bure. Ninaomba pia kituo cha chakula na muda wake viandikwe kwenye tiketi, na wafanyakazi wafundishwe namna ya kumsaidia abiria ambaye sukari yake imeshuka. Mama anastahili kuombwa radhi na uongozi, si kwa ujumbe wa simu. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitawasilisha suala hili LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), pamoja na nakala za tiketi zetu na picha ya bango lenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa safari ya usiku, Dar es Salaam – Arusha