Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula na Kazi ya Likizo

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Tumefunga muhula salama. Ripoti ya mtoto imo ndani ya bahasha hii. Tafadhali isomeni pamoja, na muanze na maoni ya walimu kabla ya kutazama ameshika nafasi ya ngapi.

Kazi ya likizo safari hii imetoka kwa watoto wenyewe. Darasa la nne walikuwa wakifagia uwanja, mmoja akauliza: mbona mti wa getini umepukutika wote na wa pembeni yake umebaki kijani, na mvua wanapata ileile? Mwalimu wa sayansi hakumjibu. Aliwaambia waokote jani lililoanguka lenyewe, wachume na bichi, kisha walinganishe ncha za vikonyo. La kuokota lilikuwa limejifunga, kavu na laini kama kovu lililopona. La kuchuma lilikuwa limechanika na linatoa majimaji. Kumbe mti huliachia jani kwa utaratibu: kwanza hufyonza sehemu kubwa ya naitrojeni, kirutubisho kilichomo, kisha hulikata pale kikonyo kinapoungana na tawi. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, ikishavunjwa, unjano uliokuwamo siku zote ndipo unapoonekana.

Kwenye nchi za baridi, miti mingi huanza kazi hiyo siku zinapofupika. Kwenye ukame, kupukutisha ni kubana maji, maana majani ndiyo yanayoyapoteza. Ndiyo sababu mbuyu husimama mtupu kiangazi. Lakini ipo jamii ya mgunga, Faidherbia albida kwa jina la kitaalamu, inayopukutisha wakati wa mvua na kustawi wakati wa kiangazi. Mti huo ulituchelewesha kwenye kikao cha walimu, na sikujuta.

Basi kila mtoto achague mti mmoja. Mara moja kwa wiki alitazame tawi lilelile, alichore, aandike tarehe na alichokiona: jani, chipukizi, ua au tunda. Wiki isiyo na badiliko aandike "hakuna badiliko", asibuni. Akisafiri, achague mwingine huko aliko na aeleze hivyo.

Ombi langu kwenu: msimchoree, na akiuliza kwa nini, mwulizeni yeye anadhani nini.

Vitabu vya maktaba virudishwe siku ya kufungua shule, pamoja na daftari hilo la mti. Tarehe imeandikwa chini ya ripoti.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu