Baada ya vali mpya, asilimia peke yake haitoshi

Mhariri,

Mgonjwa aliyebadilishiwa vali ya aota, mlango wa kutolea damu kwenye moyo kwenda mwilini, akirudi na majibu ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), swali la kwanza la ndugu zake huwa moja: moyo unasukuma asilimia ngapi? Wakisikia 60 wanashukuru Mungu, na karatasi inaishia kabatini. Sisi tunaofanya vipimo hivi tunaomba nafasi ya kusema kwamba asilimia hiyo, yaani sehemu ya damu ya chumba cha kushoto inayotolewa kwa kila pigo, haitoshi kuonyesha moyo umepona.

Vali ikibana kwa miaka, ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, hunenepa ili kushindana na kizuizi. Ukuta mnene wenye chumba kidogo unaweza kutoa 60 hiyohiyo huku msuli wenyewe umeshachoka. Ndiyo maana tunapima pia streini, yaani msuli unafupika kiasi gani kuelekea ncha ya moyo. Kwa mwenye afya ni karibu asilimia 20. Unene wa ukuta hupungua zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole, na presha ya damu isiyodhibitiwa huuzuia kupungua hata kama vali mpya haina kasoro. MRI, picha ya kutumia sumaku, huongeza jambo ambalo eko haiwezi kulionyesha vizuri: nyuzi ngumu zilizotapakaa kwenye msuli huweza kupungua, lakini kovu lililokwisha kujijenga hubaki.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni eko ya msingi, yaani ile ya kwanza baada ya vali mpya, ambayo zote zijazo hulinganishwa nayo. Kwa waliopasuliwa kifua hufanywa kati ya mwezi 1 na 3, damu ikiwa imeongezeka na kidonda kimepona. Kwa waliowekewa vali kupitia mshipa wa paja, ndani ya siku 30. Ripoti itaje aina na saizi ya vali, urefu na uzito wa mgonjwa, presha na mapigo ya saa ileile, kasi ya juu ya damu, wastani wa tofauti ya presha kati ya pande mbili za vali, uwiano wa kasi ya chini ya vali na ile inayopita ndani yake, na kama kuna kuvuja katikati au pembeni. Ripoti iliyoandikwa tu "vali inafanya kazi vizuri" haimsaidii daktari atakayeisoma miaka sita baadaye.

Kwa kawaida kasi huwa chini ya mita 3 kwa sekunde na wastani wa tofauti ya presha chini ya milimita 20 za zebaki. Zikizidi, msikimbilie kuilaumu vali. Homa, upungufu wa damu na ujauzito huongeza mtiririko, lakini hapo kasi hupanda pande zote mbili na uwiano hubaki palepale. Vali ndogo kwenye mwili mkubwa huonyesha tofauti kubwa ya presha tangu eko ya kwanza. Kinachotutia wasiwasi ni wastani uliopanda kwa milimita 10 au zaidi kuliko wa eko ya msingi ukafika 20 au kupita, huku uwiano ukishuka: huenda damu imeganda juu ya vali, nyama imeota, au tishu imechakaa. CT, eksirei ya kompyuta, husaidia kutofautisha.

Makosa mengine ni yetu wapimaji. Anayepima kutoka nchani mwa moyo tu, asijaribu upande wa kulia wa kifua, huweza kuikosa kasi halisi. Kipenyo cha chini ya vali, tunachotumia kukokotoa eneo lake, huzidishwa chenyewe kwa chenyewe, kwa hiyo milimita 20 ikisomwa 18 eneo hupungua kwa karibu moja ya tano. Vali ya chuma nayo huficha mambo nyuma ya kivuli chake. Hapo huhitajika eko ya kupitia umio (njia ya chakula), au eksirei ya video kuona kama visahani vinafunguka.

Kwa vali ya tishu, iliyotengenezwa kwa tishu za mnyama, iliyowekwa kwa upasuaji, mwongozo wa Ulaya unataka eko kila mwaka. Wa Marekani, mwaka wa 5 na wa 10, kisha kila mwaka. Ratiba hiyo ni ya asiye na dalili. Pumzi zikianza kukatika, nenda ukapimwe, na ubebe nakala ya eko ya msingi. Homa isiyoeleweka ikidumu, damu ichukuliwe kuoteshwa vijidudu kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.