Mjomba, faulo ile ilikuwa halali

Mjomba, shikamoo. Nisalimie Bibi, Shangazi na wote hapo nyumbani. Mimi mzima. Kazi inakwenda, baridi imeanza, hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu mechi ya kikapu, kwamba refa alimwonea mdogo wetu na mnataka pesa ya kukata rufaa, nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale uliposema nimesahau damu yangu nawatetea marefa. Neno hilo limenikaa kooni. Kwa simu tungegombana, ndiyo maana nimeandika.

Video aliyonitumia Dada nimeitazama polepole, kipande kwa kipande. Tuko mbele kwa pointi mbili. Kijana wao yuko nyuma ya mstari wa pointi tatu, ameruka, mpira umemtoka. Mdogo wetu amechelewa, akaruka kwenda mbele badala ya kwenda juu, akatua pale pale mwenzake alipotakiwa kutua. Unasema hakumgusa mkono. Kweli, hakumgusa. Lakini mpigaji analindwa mpaka miguu yote miwili irudi chini, hata kama mpira umeshaondoka. Aliye hewani lazima aachiwe pa kutua, la sivyo vijana wataishia na vifundo vilivyoteguka.

Unalalamika kwamba walipewa kikapu, kisha wakaongezewa mtupo huru, ule wa kurusha bila kuzuiwa na mtu. Ndivyo inavyokuwa: mpira ukiingia, pointi zinahesabiwa na mpigaji anapata mtupo mmoja. Usingeingia, angepata mitatu. King'ora cha mwisho wa mchezo nacho kililia mpira ukiwa njiani, umeshatoka mkononi, kwa hiyo kikapu ni halali.

Lililoniuma zaidi ni kusema mbele za watu kwamba refa aliongeza muda. Mjomba, huu si mpira wa miguu! Saa inasimama kila kipenga kinapolia, ndiyo maana robo ya dakika 10 huchukua muda mrefu zaidi ya dakika 10 za ukutani. Hakuna aliyeongeza sekunde.

Na kutolewa kwa mdogo wetu hakukuwa chuki. Ilikuwa faulo yake ya 5. NBA, ligi ya Marekani, angebaki, kule wanatoka kwa 6, lakini nyinyi mnachezea sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Tatu kati ya hizo alizipata kabla ya mapumziko, kwa kupiga mikono ya watu mbali kabisa na kikapu. Hizo ndizo za kumkaripia. Wala usiseme ni ulaini wa siku hizi. James Naismith alipoanzisha mchezo mwaka 1891 aliweka sheria 13, na humo humo kusukuma, kushika na kumtega mtu mguu vilikatazwa. Wakati ule faulo ya pili tu ilikuweka nje mpaka kikapu kingine kifungwe.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Nimefaulu mafunzo ya urefa, mtihani wa sheria na wa mbio, na Jumamosi nimechezesha fainali ya vijana. Ukumbi ulifurika. Mwishoni kabisa mshambuliaji wa wenyeji alimvaa mlinzi aliyekwisha kusimama imara akimkabili, nikapuliza faulo ya mshambuliaji, nikafuta kikapu. Walinizomea ukumbi mzima, sikutetereka. Kocha wao baadaye alinipa mkono, akasema nimeona sawa. Nilitamani uwe jukwaani, umwone yule uliyemfundisha kudunda mpira bila kuutazama.

Watu walipoondoka nikadunda peke yangu. Nikakusikia ukituhesabia: hatua mbili baada ya kuushika, ya tatu mpira unakwenda kwa wapinzani. Machozi yalinitoka, Mjomba. Nimewakumbuka kupita kiasi.

Pesa ya rufaa sitatuma, nanyi msimwombe mtu mwingine. Pesa ya viatu nimemtumia Dada, vya saizi halisi ya mdogo wetu, si vya kuazima tena. Nakuomba jambo moja: acha kumwambia kijana kwamba ameibiwa. Akiamini hivyo ataruka vile vile msimu ujao. Mfundishe kuruka wima, mikono juu. Mlinzi anayeruka wima mahali pake, nafasi iliyo juu yake ni yake, na mpigaji akija kumgonga kosa si la mlinzi. Ana urefu wa kuiweza kazi hiyo kuliko mimi.

Mpatane na Shangazi, kuhusu faulo ile alikuwa akisema ukweli. Kijana anipigie Jumapili usiku tuitazame video kuanzia robo ya kwanza, na wewe ukae naye hapo hapo.

Mpwa wako akupendaye.