Simu ya mtoto asiyeona ubao isikamatwe mlangoni

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita mlizisifu shule za Lubumbashi zinazokamata simu za wanafunzi mlangoni na kuzikabidhi kwa wazazi mwisho wa trimestri. Nami nazisifu. Naishi Katuba, nawaona vijana wakitoka shuleni macho kwenye skrini hadi wenye pikipiki ndio wanaowakwepa. Kila mwalimu ninayemjua ana kisa cha interro, yaani jaribio la darasani, iliyoshazunguka WhatsApp kabla ya kengele. Kanuni hiyo ni nzuri, ila imeandikwa bila upenyo hata mmoja, na wapo watoto inaowafungia masomo pamoja na simu.

Binti yangu ana ualbino, yuko mwaka wa nane. Watu wengi hudhani shida ya ualbino ni jua na ngozi, kwa kuwa ngozi ndiyo wanayoiona. Shida kubwa shuleni ni macho. Melanini ikikosekana, sehemu ya nyuma ya jicho inayotakiwa kuona vitu vidogo haikomai sawasawa, na mara nyingi macho yenyewe hucheza-cheza bila mtu kutaka. Ndiyo maana miwani inamsaidia nusu tu: inanyoosha mwanga unaoingia jichoni, haijengi kile ambacho hakikukua. Daktari wa macho alitueleza jambo hilo mara moja tukaelewa. Kazi ni kulieleza shuleni, maana kila mwaka anakuja mwalimu mwingine, na kila mwalimu mwingine anauliza kwa nini tusinunue miwani mizito zaidi.

Darasani anakaa dawati la mbele, na hata hapo ubao kwake ni ukungu. Ubao wenyewe rangi yake ilishakuwa ya kijivu, choki nyeupe juu ya kijivu; hata mimi mwenye macho mazima ningekodoa. Zamani alikuwa ananakili kwenye kaye, yaani daftari, ya jirani. Jirani akisahau alama ya kutoa, naye anaisahau, hesabu yote inaharibika, na kwa kuwa kosa ni lilelile kwenye makaratasi mawili, wote wawili wanapewa sifuri kwa udanganyifu.

Tukampa simu ya zamani ya mama yake. Mwalimu akimaliza kuandika, binti anapiga picha ubao, anaivuta kwa vidole viwili hadi neno moja linajaa skrini, ananakili mwenyewe. Kurasa za kitabu anazisoma hivyohivyo, na mara nyingine anageuza rangi, herufi nyeupe juu ya nyeusi, kwa sababu weupe wa karatasi unamchoma macho. Hayo yote yamo ndani ya simu tangu dukani, kwenye mipangilio ambayo wengi wetu hatujawahi kuifungua. Hatumii intaneti, hali mega hata moja. Alama zake zilianza kufanana na akili yake.

Kisha simu ikakamatwa mlangoni pamoja na za wengine. Shule siitaji, kwa sababu ziko nyingi zinazofanya vivyo hivyo. Prefe, mkuu wa shule, alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akasema: «Papa, nikimruhusu mmoja, kesho watakuwa mia.» Sijui hao mia watatoka wapi. Watakuja wote na karatasi ya daktari wa macho? Kanuni inayokataza fimbo shuleni, kwa sababu vijana walipigana nazo, haimvui mlemavu gongo lake pale getini; mlinzi mwenyewe angeona aibu. Gongo la binti yangu lina skrini, basi.

Hofu ya prefe naielewa, lakini ina dawa. Simu ya mtoto wa aina hii haihitaji kadi ya SIM: itolewe, ibaki nyumbani. Ikae juu ya dawati, si mfukoni, mwalimu aione. Tena simu za Android, tangu toleo la 5 lililotoka mwaka 2014, zinaweza kubandikwa kwenye programu moja tu, na ukipenda, mwanafunzi asiweze kutoka humo bila namba ya siri ambayo mwalimu ndiye anayeijua. Mwalimu kijana anajifunza jambo hilo wakati wa mapumziko. Na siku ya mtihani wa serikali simuombei mtu simu hata kidogo. Siku hiyo mtoto anahitaji karatasi iliyokuzwa na muda wa nyongeza. Mwenye mashine yoyote ya fotokopi mjini anajua kwamba kutoka A4 kwenda A3 maandishi yanapanda hadi asilimia 141. Mwombe, atakufanyia ukiwa umesimama palepale.

Kwa mtoto asiyeona kabisa, simu inasoma kwa sauti. Programu ya kazi hiyo, TalkBack, imo ndani ya Android nyingi. Kwa kompyuta kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili Waaustralia, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona. Inabebwa kwenye flashi na kuendeshwa juu ya kompyuta yoyote ya Windows bila kufungwa ndani yake. Inakuja na sauti ya Kifaransa na ya Kiswahili pia. Sauti kavu kidogo, haina masihara, lakini inaeleweka. Tahadhari moja: mtu achague sauti kulingana na somo. Ukiiachia sauti ya Kifaransa kazi ya kusoma Kiswahili, kila «ch» inatoka «sh» na kila «u» inabanwa mdomoni. Darasa zima litacheka na mtoto atazima mashine.

Hapo nisieleweke vibaya: sauti haifuti breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Mtoto anayesikiliza tu haijui koma, hajui neno linaandikwaje, na Kifaransa chetu kina herufi nyingi zisizotamkwa. Louis Braille alikuwa na miaka 15 alipotengeneza nukta zake sita mwaka 1824, na mpaka leo kibao chenye vitundu na msumari wake mdogo havihitaji umeme wa SNEL. Anayeandika kwa kibao hicho hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili akigeuza karatasi asome kutoka kushoto kwenda kulia; watoto wa miaka saba wanalizoea haraka kuliko wakubwa. Apewe vyote viwili.

Kuhusu wasiosikia nitasema machache, kwa kuwa sijalea mtoto wa aina hiyo. Zipo programu zinazogeuza maneno ya mwalimu kuwa maandishi. Ila darasa lililojaa watoto, chini ya bati, mvua ya Januari ikimwagika, mashine itasikia nini? Wanahitaji kwanza mwalimu anayejua lugha ya ishara. Asiletwe mtu na tableti akasema shida imekwisha.

Maana hiyo nayo ni tabia yetu. Najua shule moja iliyoletewa kompyuta na wafadhili, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Kompyuta zile ziko ofisini, zimefunikwa kitambaa cha kutarizi, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye kila ukimtafuta amekwenda kwenye semina. Walimu hawakufundishwa kuzitumia, na mtoto aliyekusudiwa hajawahi kuzigusa. Nasema hivi kwa sababu jibu ninalopewa mara kwa mara ni kusubiri mradi. Binti yangu hana haja ya mradi. Kifaa anacho tayari, kimefungiwa kwenye kabati la shule yake mwenyewe.

Kwa wanaopenda sheria: kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya Kongo (RDC) ya 2006 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda kulingana na mahitaji yao. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015. Mkataba huo, katika kifungu cha 2, unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, ambayo hayamlemei anayetakiwa kuyafanya, ni ubaguzi, na kifungu cha 24 kinayadai marekebisho hayo shuleni. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kukuza haki za watu hao. Mwezi uleule, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti kuhusu vifaa vya kusaidia: watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kimoja, na katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Mtoto wangu alikuwa ndani ya hao wachache. Tumemtoa kwa kanuni ya mlangoni.

Ninachoomba ni sentensi moja, inayotosha chini ya kanuni za ndani za shule bila kubadilisha ukurasa: «Mwanafunzi mwenye karatasi ya daktari inayoonyesha ulemavu ataruhusiwa kutumia kifaa chake darasani, bila SIM, juu ya dawati, mwalimu akikiona.» Nimeipeleka kwenye komite ya wazazi ya shule yetu, na mwenyekiti amekubali kuileta kwenye mkutano ujao. Wazazi wa komini za mji wetu, Kenya, Kampemba, Ruashi na kwingineko, wenye watoto kama wangu wasisite kuinakili na kuipeleka kwenye komite zao. Wafanye hivyo kabla ya likizo kubwa kwisha, kwa sababu kanuni za ndani huchapwa kabla ya Septemba, na zikishapigwa muhuri hakuna anayezifungua tena mpaka mwaka upite.

Mzazi wa Katuba,
Lubumbashi