YAH: MALALAMIKO KUHUSU RACHETI ZA NUSU INCHI NA KUKATALIWA KWA DHAMANA YAKE

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa muda mrefu na mwenye gereji ya mabasi hapa Vingunguti. Nalazimika kukuandikia wewe mwenyewe kwa sababu walio chini yako wamenisikia na kunipuuza. Nalalamikia mambo mawili ambayo kwangu yameshikana: racheti zenu, yaani ile mipini ya meno ya kuzungushia soketi za nati, kuharibika zikiwa ndani ya dhamana, na namna mtumishi wenu wa dawati la huduma alivyonitendea nilipozirudisha. Masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, hivyo sitapoteza karatasi kuyanakili.

Nilifika dukani kwenu asubuhi nikiwa na ovaroli ya kazi, kwa kuwa nilitoka moja kwa moja chini ya gari, nikaongozana na kijana ninayemfundisha ufundi. Nilisalimia. Mtumishi wenu, ambaye kwa umri ni rika la mwanangu wa mwisho, hakuitikia. Alichomoa karatasi ya tishu, akaishika racheti kwa ncha za vidole viwili kupitia tishu hiyo, akaizungusha mara moja, akaiacha idondoke kwenye kaunta na kusema, kwa sauti iliyowafikia wateja wote waliokuwa nyuma yangu, kwamba tumeivisha bomba, yaani tumechomeka bomba kwenye mpini ili kuurefusha na kuongeza nguvu, na kwa hiyo dhamana haihusiki. Nilipomwomba aifungue kichwa aone kilichovunjika ndani, alinijibu kwamba zana zenu hazikutengenezwa kwa ajili ya gereji za uchochoroni, kisha akanitaka niwapishe wateja na nitokee mlango wa mizigo. Mimi pia nilikuwa mteja, Ndugu Meneja, na fedha niliyolipa haikupitia mlango wa mizigo.

Sasa nije kwenye racheti zenyewe, maana sitaki ionekane kwamba ninalalamika kwa sababu ya hasira peke yake. Nilinunua sita za nusu inchi, zenye meno 72, baada ya muuzaji wenu kunieleza kwamba zinashika kila baada ya nyuzi tano za mzunguko na kwamba zitatufaa mahali pembamba ambapo mkono hauna nafasi ya kuzunguka. Hilo ni kweli na sikatai. Chini ya basi, kati ya giaboksi na chasisi, racheti ya meno 36 inayodai nyuzi kumi kabla ya kushika inaweza kukufanya uombe msaada wa Mungu. Nilimweleza muuzaji huyo, tena kwa kurudia, kwamba kazi yetu ni mabasi ya mikoani, kwamba zana zitafanya kazi kutwa nzima, na kwamba mafundi watakaozishika ni zaidi ya mmoja. Alinionyesha boksi. Boksi lina picha ya lori, limeandikwa kwamba zana ni ya matumizi ya kitaalamu, limeandikwa dhamana ya maisha, na chini yake mmeandika kwamba imekidhi ISO 3315, kiwango cha kimataifa cha zana za mkono za kuzungushia soketi. Kwa maandishi hayo nilitoa fedha.

Hata mwaka haujaisha, tatu kati ya hizo sita zimekufa, na zote zimekufa kwa namna moja. Mpini mzima, kichwa kizima, lakini ukikaza inaruka meno. Baada ya mtumishi wenu kukataa kufungua hata moja, nilirudi gereji nikafungua mbili mbele ya mafundi wangu, nikaiacha ya tatu kama ilivyo ili ninyi wenyewe muifungue mkitaka. Ndani ya zote mbili hali ni ileile: ule ulimi mdogo unaoshika gurudumu la meno umemeguka meno ya upande mmoja, springi iko hai, gurudumu lenyewe halina kasoro ya kuonekana kwa macho, na grisi ya kiwandani ni kidogo kiasi kwamba nilipofuta kwa kitambaa cheupe kilibaki karibu cheupe. Fundi yeyote aliyewahi kufungua racheti anajua maana ya ulimi kumeguka upande mmoja. Maana yake ulikuwa haukai sawasawa kwenye gurudumu, hivyo mzigo uliopaswa kubebwa na meno yote ya ulimi ulibebwa na machache. Kasoro hiyo inatoka kwa aliyetengeneza. Mkono wa fundi haufiki humo ndani.

Tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba tuliivisha bomba. Mpini wa racheti zenu umefunikwa mpira mweusi mpaka karibu na kichwa, na bomba la chuma haliwezi kuingia hapo likavutwa kwa nguvu bila kuuchuna mpira huo. Mpira hauna mchubuko. Bomba pia lingeupinda mpini au kuukunja kidogo ule mraba wa kuvalia soketi, na nimepima vyote viwili kwa rula ya chuma, vimenyooka. Isitoshe, kiwango mlichokiandika wenyewe kwenye boksi kinataka racheti ya nusu inchi ihimili jaribio la niutani-mita 512, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Mtu wa kilo 80 akiutundika mwili wake wote kwenye ncha ya mpini wa sentimita 25, nguvu inayofika kwenye nati haifiki niutani-mita 200. Mafundi wangu ni wembamba, na hakuna hata mmoja anayefika kilo hizo. Kwa hiyo, kama racheti imevunjika kwa mkono mtupu, haikukidhi kiwango kilichoandikwa. Na kama mnasema ilivunjika kwa bomba, nionyesheni alama ya bomba. Naongeza kwamba nati zilizoshikwa na kutu, ambazo kwa hewa yetu ya chumvi ni nyingi, hatuzilegezi kwa racheti hata siku moja. Tunazilegeza kwa mpini mrefu usio na meno, racheti inakuja kumalizia. Huo ndio utaratibu wa gereji yangu na umeandikwa ukutani.

Hapa nimeruka jambo lililotangulia safari ya dukani kwenu, na ambalo ndilo lililonipeleka. Racheti ya tatu iliruka meno usiku, wakati yule kijana akikaza bolti za propela (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) za basi lililotakiwa kuwa kituoni Mbezi alfajiri. Mkono wake ulikwenda na nguvu zake zote ukagonga chasisi, ngozi ya vifundo vya vidole viwili ikapasuka, akashonwa. Basi lilichelewa, mwenye basi alinikata malipo, na kijana alikaa bila kufanya kazi akiwa bado anasaidia nyumbani kwao. Racheti inayoteleza ikiwa na mzigo ni hatari, na kampuni inayouza zana inalijua hilo kabla ya mnunuzi.

Ndiyo maana narudia tena kilichotokea kwenye kaunta yenu, kwa sababu nilipokieleza hapo juu nilijizuia na sikukieleza chote. Kijana niliyeongozana naye ndiye huyohuyo aliyeumia, na alikuwa amesimama pembeni yangu na mkono uliofungwa bandeji. Mtumishi wenu aliishika racheti kwa tishu kama anayeokota kitu kutoka mtaroni. Aliizungusha mara moja, bila mzigo wowote, jambo ambalo haliwezi kuonyesha kasoro ya ulimi, kwa sababu racheti mbovu ikizungushwa bure hulia vizuri tu. Aliposema kwamba tumeivisha bomba, nilimwonyesha mkono wa kijana na kumwambia, "Baba, racheti hii imemjeruhi mtoto wa watu." Nilimwita baba kwa heshima, kama tunavyowaita vijana wetu. Aliutazama ule mkono, akacheka kidogo, akaniambia, "Mfundishe kwanza kushika spana, ndiyo uje kudai." Kijana wangu aliinamisha uso. Wateja wawili walicheka. Tishu aliyoishikia racheti aliitupa kwenye kikapu mbele yetu, kisha ndipo lilipofuata lile la uchochoroni na lile la mlango wa mizigo. Nimefanya kazi hii tangu mabasi ya mikoani yakilala njiani kwa vumbi na matope, nimewahi kutukanwa na madereva, na matusi ya barabarani huisha barabarani. Hili la kumdhihaki aliyeumia kwa zana yenu halijaisha.

Kuna suala la risiti pia. Aliyejitambulisha kuwa msimamizi alipotokea, hakuuliza kilichotokea bali alidai risiti halisi, nikampa, akasema haisomeki. Ni kweli haisomeki, kwa sababu ni risiti ya EFD, mashine ya kodi, iliyochapwa kwenye ile karatasi inayopata maandishi kwa joto, na joto la Dar es Salaam humaliza kwa miezi michache kile ambacho joto la mashine lilikiandika. Kwa kulijua hilo, niliitoa nakala siku ileile niliyonunua, na nakala hiyo inaonyesha tarehe, bidhaa, kiasi na namba ya uhakiki ambayo mtu yeyote anaweza kuiingiza kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuiona risiti. Msimamizi aliikataa nakala na akakataa kuhakiki, ingawa kompyuta ilikuwa imewashwa mbele yake. Akaniahidi kwamba nitapigiwa simu. Simu iliyokuja ni ya kutangaza punguzo la bei la sikukuu.

Jibu la maandishi nililolipata hatimaye lina sentensi moja yenye maana, nayo inasema kwamba dhamana haihusu "matumizi mazito". Ndugu Meneja, naomba usome sentensi hiyo ukiwa na boksi mkononi. Mmeweka picha ya lori juu ya boksi, mmeandika matumizi ya kitaalamu, mmemuuzia mwenye gereji ya mabasi aliyewaeleza kazi yake, mkapokea fedha yake, kisha mnamwambia kwamba zana ilikuwa ya kukaza baiskeli. Kama dhamana ina mpaka, mpaka huo ulipaswa kuandikwa kwa herufi za ukubwa uleule ulioandikia ahadi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa haki mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayokusudia kupata bidhaa inayoifaa kazi hiyo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sihitaji wakili kunisomea hayo, ingawa nikilazimika nitamlipa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba jambo dogo: mnibadilishie racheti tatu zilizoharibika ndani ya siku 14, au mnipe ulimi, springi na gurudumu jipya kwa kila moja nizifunge mwenyewe, kwa kuwa watengenezaji wengi wa zana nzuri huuza vipuri hivyo na kazi yake haizidi nusu saa. Sasa, baada ya kuyaandika yote niliyoyaandika, naona ombi hilo ni dogo kuliko kosa. Zile tatu zinazofanya kazi leo zimetoka kwenye boksi lilelile na zina ulimi uleule, na sitamweka tena kijana wa mtu chini ya basi akiwa na mojawapo mkononi. Kwa hiyo nadai mrudishe fedha ya zote sita kama ilivyo kwenye risiti, mlipe gharama za matibabu ya kijana ambazo stakabadhi zake nimeziambatisha pamoja na picha za ulimi uliomeguka, na mumwandikie yeye, kwa jina lake, barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe na si na mtumishi wa dawati. Mimi mnaweza kuniomba radhi au kuacha.

Siku 14 nimezifuta pia. Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii, na aliyeipokea amesaini kwenye kitabu changu. Zikipita bila jibu, shauri hili litakwenda Tume ya Ushindani likiwa na racheti ya tatu ambayo haijafunguliwa, ili ifunguliwe mbele ya mtu ambaye ninyi hamkumwajiri, na nitaomba Shirika la Viwango lieleze kama maandishi ya kiwango kwenye boksi lenu yana ushahidi nyuma yake. Madai ya fedha nitayapeleka mahakamani. Wenye gereji wa Vingunguti, Tabata na Gerezani tunafahamiana na tunaulizana kabla ya kununua, na mpaka sasa waliponiuliza kuhusu racheti zenu nimewajibu kwamba nasubiri majibu ya kampuni. Siku ya nane nitawajibu kamili, na nitawaonyesha picha.

Racheti zote sita ziko gereji, zimefutwa grisi, zimefungwa kwenye mfuko mmoja. Mtakapotuma mtu kuzichukua, tumeni anayejua kufungua racheti, naye atapita mlango wa mbele.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye gereji,
Vingunguti, Dar es Salaam.

Nakala: Tume ya Ushindani (itawasilishwa siku ya nane).