Usipulize dawa kabla sijavuka feri

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza wale changu uliomwahidi wanavuliwa bahari gani, maana hadi leo hawajafika.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Huyo jamaa anayetaka kukupulizia dawa nyumba nzima kabla hujahamia, mwambie angoje. Amesimama barazani tu, hajaingia hata chumba kimoja, akakutajia bei. Amejuaje kama ni mende au ni mchwa? Dawa ya huyu siyo ya yule. Na nyumba ya marehemu nyanya yako naijua, ni boriti, udongo na chokaa. Ile yataka macho kwanza, pesa baadaye.

Mimi hukagua kwangu kila Shaabani, tunapotoa vyombo nje kabla ya Ramadhani. Kabati likishavutwa kutoka ukutani, kazi kubwa imekwisha. Tafuta tochi ya maana (ya simu utachoka nayo), kisu kikuukuu, na kadi ya benki iliyokwisha muda.

Kwako ningeanzia kwenye boriti. Watu husema mkoko hauliwi. Ni mgumu kweli, lakini nyumba kuukuu huwa imetiwa viraka, na penye kiraka cha mbao za dukani ndipo adui anapoingilia. Fuata ukuta pale unapokutana na sakafu, utafute vijia vya udongo vya upana wa kalamu vinavyopanda kwenda paani. Mchwa wa ardhini hawavumilii ukavu wala mwanga, kwa hiyo hujijengea njia yao iliyofunikwa. Mwaka huu nilikuta kimoja nyuma ya kabati la mama. Nikakivunja kipande kidogo katikati, nikakiacha. Asubuhi yake kimezibwa, na udongo wa pale ulipozibwa bado ni mbichi, ukiugusa unaacha alama kidoleni. Hapo hakuna ubishi tena, wamo. Kisipozibwa baada ya siku kadhaa, bado usishangilie, huenda wamehamia upande wa pili.

Halafu gonga boriti kwa mpini wa kisu, moja baada ya nyingine, ukisikiliza. Nzima hujibu kwa sauti nzito, iliyoliwa hulia tupu. Chini ya fremu za milango angalia kilichodondoka. Ukikuta chembe ndogo ngumu zilizolingana, hao ni mchwa wa mbao kavu, wasiohitaji ardhi kabisa. Ukikuta unga laini, ni mdudu mwingine anayetoboa mbao. Na mvua zikishanyesha, mbawa za kumbikumbi zikirundikana dirishani kwa ndani, kichuguu hakiko mbali nawe.

Mende usiwatafute mchana. Zima taa, nyumba inyamaze, kisha ingia jikoni uwashe ghafla uone wanakimbilia wapi, maana huko ndiko kwao. Wale wakubwa wekundu wanaoruka na kututoa mayowe, mara nyingi hupanda kutoka mashimo ya maji machafu. Tundu la bafu litie wavu, nyufa za bomba zizibe. Wa kuogopwa ni wale wadogo wa hudhurungi wenye michirizi miwili ya kiza nyuma ya kichwa. Hao makao yao ni ndani, penye joto la mota ya friji na kwenye bawaba za kabati. Jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 hivi mpaka yakaribie kuanguliwa. Ukiwapulizia kopo unaua waliokuwa njiani, waliobaki wanatawanyika vyumbani. Tia matone ya dawa ya jeli karibu na maficho yao, waile wenyewe wakafie huko.

Usijipe moyo kwamba nyumba imekaa tupu. Kunguni hukaa miezi bila kula. Pitisha ile kadi kwenye mishono ya godoro na viungo vya kitanda, uangalie kinachotoka: madoa meusi, magamba waliyojivua, vijiyai vyeupe vya milimita 1. Hakuna aibu hapo, kunguni haulizi nani msafi. Mafuta ya taa usimwage kitandani hata akuambie nani, na wewe na chetezo chako cha udi!

Panya utawajua kwa kinyesi, ila usimsingizie panya makosa ya mjusi. Cha mjusi kina ncha nyeupe. Huyo mwache, mbu anawala yeye. Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu linaloingia kalamu ya risasi, basi matundu ya mabomba yajaze waya wa kusugulia sufuria kisha saruji.

Sasa maji. Sote tunajua bomba la mji huu, kwa hiyo kila nyumba ina madumu na pipa. Mbu anayeleta dengue na chikungunya, yule wa madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hutaga ukingoni mwa maji hayohayo safi. Unakumbuka mwisho wa 2017 kuingia 2018, chikungunya ilivyotukunja magoti mtaa mzima. Mayai hunata ukutani mwa chombo na hustahimili ukavu miezi mingi, kwa hivyo kumwaga peke yake hakutoshi. Sugua pipa kila wiki, ulifunike barabara. Na kile kisahani cha maji nyuma ya friji, shoga, hakuna anayekikumbuka.

Tukishajua tunapigana na nani, ndipo tutaita mtu wa dawa, naye atuonyeshe chupa yenye lebo na namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Zile chupa tupu za soda zilizotiwa dawa na wachuuzi wa vipaza sauti pale stejini hazina jina wala kipimo, na wewe una mtoto anayetambaa.

Jumamosi nitavuka feri asubuhi, inshallah, kabla jua halijakuwa kali. Mwambie fundi asipige plasta ukuta wa nyuma mpaka tuupitie. Na ufunguo wa ile stoo ya uani uutafute kwa shangazi zako mapema. Umesema haijafunguliwa tangu msiba, basi nataka tuanze nayo.

Wako,
Zuhura